Thelathini na Saba

Zamu nzima nashinda na sangara
katika chumba cha barafu, Igogo,
gumbuti, na koti lenye jina la mtu mwingine.
Mwanzoni mwili hubisha:
vinyweleo vinasimama,
damu inavihama vidole, inarudi ndani
kama wachuuzi mvua ikianza.
Meno yanagongana. Nesi Nyanjige aliniambia baadaye
kwamba kutetemeka si woga,
ni misuli inasaga moto.

Nikitoka, jua la saa saba limekalia mawe ya Mabatini
na mwili uleule unageuza kibao:
mishipa inatanuka, uso unawiva,
jasho linatoka bila kuitwa, linapaa,
kila tone na kijimzigo chake cha joto.

Sangara hana taabu hizi.
Ziwa likipoa, naye hupoa.
Nimeshika maelfu, sijakuta mmoja
aliyebishana na maji.
Na mawe yetu haya yanayosifiwa,
mchana yanachoma nyayo,
alfajiri ni baridi kama pua ya mbwa:
hayana mwenyewe ndani.

Sisi tunaye. Chini kabisa ya ubongo
kuna kipande kama punje ya karanga
kinachokesha: thelathini na saba, thelathini na saba,
kama karani wa mzani
asiyekusamehe hata robo.

Binti yangu alizaliwa Jumanne, wiki nane kabla ya siku zake.
Kilo moja na gramu mia mbili.
Nimepima minofu mizito kuliko hiyo.
Karani wake alikuwa hajaripoti kazini.
Hatetemeki. Hana mafuta mgongoni ya kuchoma.
Kipimajoto kikasema thelathini na nne nukta saba.
Minza alikuwa bado anashonwa.
Nesi akanitazama:
"Baba, vua shati."

Niliona haya. Mikono hii
inayonuka samaki hata niisugue kwa ndimu,
kifua hiki kinacholipwa kwa kuzoea baridi.
Akamlaza hapo, kofia ya sufu,
soksi zilizomfika mapajani,
akatufunga pamoja kwa khanga ya mama mkwe.
Maneno ya khanga yalikuwa mgongoni kwangu,
sikuyasoma.

Sikufanya lolote. Hilo ndilo ninalotaka kusema.
Sikupuliza, sikukoka, hata dua sikuimaliza.
Damu yenyewe ilipanda juu ya ngozi
ikafungua milango yote ya upande wake.
Nje upepo wa ziwa ulitikisa madirisha.

Saa nane usiku: thelathini na sita.
Saa kumi: na nusu.
Nesi aliandika, hakusema neno,
akaniwekea chai ya rangi mezani.
Sikuinywa, niliogopa kusogea.
Ikapoa palepale,
kama mawe.