Mashine ya Boriti

Imefika kwa boti ya Mokowe, ndani ya katoni ya biskuti,
imeviringwa leso ya mtu nisiyemjua,
leso inayosema Usisafirie nyota ya mwenzio:
pawa saplai ya mwaka wa tisini na mbili,
nzito kama mtoto aliyelala,
kutoka kwa Mbwarali wa Mwembe Tayari
auzaye matumbo ya kompyuta kwa ratili, kama papa mkavu.

Nilimwambia kwa simu: nataka ile yenye swichi nyekundu ubavuni.
Akacheka. "Dada, hiki ni kipuri au ni mahari?"
Nikalipa. Mama sikumtajia bei.

Chumvi ya Amu haina adabu.
Haibishi hodi. Hupenya mawe, hupenya pazia,
ikaketi juu ya meno ya kadi za memori
hata yakawa kijani kama pete ya bandia.
Mimi huyasugua kwa kifutio cha shule,
upande mwekundu kwanza, kisha ule wa buluu,
kisha napuliza, kisha bismillahi.

Betri ya saa ilikufa zamani.
Kila niiwashapo, mashine inaapa
kwamba leo ni Januari mosi, mwaka wa themanini:
baba hajaposa, mimi sijatajwa.
Naisahihisha kwa vidole viwili, polepole,
kama unavyomjibu mwenye homa.

Ndani yake mna daftari la boriti.
Korija ngapi za mazio, ngapi za pau,
zipi za Ndau, zipi za Mkunumbi,
nani alilipa na nani aliapa kulipa.
Programu aliiandika mwalimu wa hesabu, Kahindi,
kwa ujira wa kaa kumi na redio mbovu,
na haikubali kufunguka kwingine.
Niliijaribu kwenye laptopu ya binamu yangu:
ikatoa vijiti, pembe, na nyuso ndogo zinazocheka.

Wako watu mtaani wanaoiombea ife.
Famau wa Langoni, korija tatu za mazio tangu tisini na saba,
akipita mlangoni huuliza hali ya mashine
kabla ya hali ya mama.

Mwezi wa Rajabu diski ikaanza kugonga.
Tak. Tak. Kama mgeni asiyejua nyumba ina watu.
Usiku kucha nikanakili, faili kwa faili,
nikiogopa hata kukohoa.
Twalib mpiga picha za harusi akanipa kadi ya kamera yake ya kale,
Mbwarali akaleta adapta,
na kilichokuwa chuma cha kujaza kiganja
kikawa kitu cha ukubwa wa kiberiti.
Gigabaiti nne. Mashine ikaona nusu ya moja tu,
ikashiba.

Ikaamka kabla sijavuta kiti.
Kimya.

Kutoka chumba cha ndani: "Zamda, imekufa?"
"Imepona, mama."
"Mbona yeo haineni?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.
Miaka yote ile alilala ukuta mmoja na ule mlio,
akijua kwa kusaga kwake baba amefika ukurasa gani,
kwa kunyamaza kwake kwamba sasa atazima taa, atakuja.

Basi nikairudisha diski kuukuu, nikaitoa kwenye kopo la misumari.
Ule waya mpana, wa maneno, sikuuchomeka.
Nilichomeka umeme peke yake.
Ikavuta pumzi, ikapanda, ikagonga mara mbili,
kisha ikatulia katika mvumo wake,
haisomi kitu, haiandiki kitu,
inazunguka tu, kwa ajili ya mtu mmoja.

Nikasikia kitanda cha kamba kikilia, mama akigeuka.
"Ehe," akasema. Kisha, baada ya kitambo:
"Hebu nisomee. Famau bado ni tatu?"

"Bado ni tatu."

"Haya."