Barafu za Ukwaju

Barua ya Zulfa ya kuitwa chuo Eldoret ilifika Agosti,
na Agosti hiyohiyo nikarithi sungura.
Sikuulizwa. Niliamka nikamkuta sebuleni
ndani ya kreti ya soda, na karatasi kwa mwandiko wa mwanangu:
Nyasi asubuhi, nyasi jioni. Kabichi kidogo tu, litamjaza tumbo.
Usimbebe kwa masikio, baba. Yeye si mkoba.

Jina lake Kasimile, kwa weupe wake wa tui la kwanza.
Twamwita Kasi,
ingawa kutwa hukaa chini ya cherehani
kama kifurushi ambacho mteja hakurudi kukichukua.
Marehemu nyanya yangu angemwita kitungule,
kisha angeuliza kama nazi imeshakunwa.

Nyasi huniletea Mwachiro wa mkokoteni,
gunia shilingi hamsini, kicheko bure:
"Mzee Mahfudh, huyo ng'ombe wako
yuko ghorofa ya ngapi?"
Ya tatu, namjibu. Majengo hapa hapa. Panda umkamue.

Nimejifunza mengi nisiyoyaomba.
Kwamba meno yake hayaachi kumea,
kwa hiyo lazima atafune, na asipopewa hujipa:
waya wa redio, kona ya msala,
tepu yangu ya kupimia, ambayo sasa inaanzia inchi ya nne,
na kwa tepu hiyo mtaa mzima umenenepa.
Kwamba akisaga meno polepole ukimpapasa kipaji, ni raha;
akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, dunia imemkosea.
Blenda ya jirani humkosea kila siku, saa kumi na moja.

Na leso ya mamake Zulfa.
Ilikuwa na jina refu, lenye mkato katikati.
Kasi ameila upande mmoja. Limebaki
ULICHONIACHIA
na baada yake alama za meno.
Miaka kumi na minane niliiona kiunoni mwake
akipita na sufuria, akipita na mtoto,
na sikuwahi kuisoma mpaka mwisho.

Februari ile, taa zilipotea saa tano usiku.
Feni ikajizungusha mara tatu za kuaga.
Sungura hatoki jasho; joto lake hutokea masikioni,
na masikio yake yalikuwa birika.
Alilala ubavu, mdomo wazi,
mbavu zikienda mbio,
ndipo nilipoona jina lake likifanya kazi.

Nikashuka ngazi gizani, kikoi nimekishika kwa mkono,
nikamgongea Bi Swabra.
"Nipe barafu za ukwaju. Zote."
"Saa hizi? Una wageni?"
"Ninaye mmoja."
Akanihesabia kumi na nne kwa mwanga wa simu,
ngumu bado ndani ya nailoni zake,
akakataa pesa, akasema tutaonana kukicha,
akasimama mlangoni kunimulikia ngazi.

Nikazifunga kwenye leso, nikamzungushia.
Masikio nikayapangusa kwa kitambaa cha maji, taratibu,
maji ya mtungi, si ya baridi kali.
Halafu nikakaa sakafuni, maana hapana jingine la kufanya.
Nilimsimulia bei ya uzi. Nilimsimulia suti ya bwana harusi
niliyoikata vibaya mwaka ule, nikanyamaza, na harusi ikafana.
Kabla ya adhana ya alfajiri akainua kichwa,
akanilamba goti,
au alilamba ukwaju uliomwagikia pale,
sitaki kujipa makuu.

Asubuhi simu ikalia.
"Baba, Kasi hajambo?"
"Hajambo. Anakula."
Nikasikia upepo wa huko kwao, na mlango ukifungwa.
"Na wewe?"
Leso ilikuwa dirishani, ina doa la kahawia
pale pale maneno yalipokatikia.
"Mimi nafyonza barafu ya ukwaju," nikasema.
"Asubuhi yote hii?"
"Imebaki moja. Yayeyuka."