Nyuzi Mbili Chini ya Sifuri

Saa moja asubuhi, kila siku ya Mungu,
hata asubuhi ya ubatizo wa mwanangu,
nafungua kile kisanduku cheupe
nasoma kipimajoto kabla pumzi yangu haijakigusa.
Ndivyo nilivyofundishwa: bana pumzi, soma, andika.
Miaka kumi na tisa nabana pumzi.

Kutoka Lima hutujia utabiri wa nchi nzima:
nyanda za juu kusini, baridi ya wastani.
Nyanda za juu! Utadhani ni shamba moja, la mtu mmoja.
Kwa Basilia Condorena, chini ya daraja,
baridi huteremka kama maji ikalala juu ya matuta;
kwa shemeji yake, mwendo wa sigara moja kupanda mlima,
viazi vinachanua, havina habari.
Basi kazi yangu ni kuikata mbingu vipande
kila mlango upate wake.

Nasema redioni kwa Kiaymara, baada ya matangazo ya misiba:
Basilia, na ninyi nyote wa bondeni,
leo usiku jazeni maji mifereji, udongo mbichi hushika joto.
Wa mteremkoni, laleni.
Wenye kwinoa, msivune bado, siku nne,
mvua haijamaliza maneno yake.

Tarakimu husahaulika. Nikawatungia hili,
watoto wanalisema wakichunga:

*Anga likitakasika, nyota zikikung'alia,*
*Upepo ukikatika, na kondoo kutulia,*
*Jua sakitu yashuka, hodi haitakwambia,*
*Inuka, mwenzangu, toka, maji kuyafungulia.*

Lakini Februari ile nilisema: mawingu yatakaa.
Yakakaa mpaka saa tisa usiku
yakaondoka kama wageni wasioaga.
Nyuzi mbili chini ya sifuri.
Mbili tu, nyembamba kuliko sufu asokotayo mama,
zikatosha kulinyonga shamba.

Nicasio Larico hakuja kugomba. Afadhali angegomba.
Alikuja na shina moja la kiazi ndani ya gazeti,
majani meusi, yamelegea kama yaliyochemshwa,
akaliweka juu ya daftari langu.
"Andika na hili," akasema.
Nikaandika. Jani moja nikalibandika kwa gundi
kando ya tarehe. Lipo hadi leo,
linachafua ukurasa wa pili.

Tangu siku ile nasema *sijui* pale nisipojua.
Nasema: katika usiku kumi kama huu,
mitatu huunguza.
Mkubwa wangu wa Puno alinionya
mkulima anataka ndiyo au hapana.
Nicasio alisikiliza, akahesabu vidole,
akasema: "Kwa mitatu naweza kuamka."

Halafu huja Juni, na watu walewale
walionichukia kwa baridi, wananidai baridi.
Viazi vimetandazwa nyasini vikingoja kugandishwa,
kisha vikanyagwe kwa miguu mitupu, vianikwe,
viwe chunyo, chakula cha miaka.
"Lini utaniletea?" Basilia ananiuliza sokoni
kana kwamba naifuga nyumbani.
Na nikitangaza nyuzi nane chini
nasikia kicheko mpaka ng'ambo ya kijito.

Mwaka jana Juni ilipita ya uvuguvugu.
Viazi vikatoa maji, vikaoza, vikanuka,
nami nikawa na ushauri mmoja tu:
viokoteni.
Nilirudi nikafunua madaftari ya nyuma, ya mtu aliyenitangulia,
mwandiko wake wa duara, wino wa buluu:
kumi na moja chini, kumi na mbili, kumi na moja.
Sikumfahamu. Nikamwonea wivu.

Leo ni Juni tena. Saa moja kasoro dakika moja.
Nyasi zinalia chini ya kiatu, sauti nzuri, kavu.
Basilia amesimama kwenye uzio, shali kichwani,
haniulizi kitu.
Nafungua kisanduku.
Naye pia, namwona, amebana pumzi.