Kadi za Daktari Katungu

Umeme ukiwepo nachapa barua za kuomba kazi.
Ukikatika nakaa mlangoni pa duka langu, karibu na Signers,
nahesabu chukudu zinazoshuka na viazi.
Siku hiyo ulikuwa umekatika.
Akaingia na katoni ya maziwa ya unga,
ndani yake kadi mia nane na ushee,
viatu vimekula vumbi letu jeusi.
"Chapa kama zilivyo. Alama ya kuuliza usiifute."

Miaka kumi na mmoja aliishi kwenye mvua ya Welisi
akisoma ngozi za ndama, wino wa watawa,
hadithi zilizokwisha kuzeeka hata wao walipozinakili.
Shangazi zake wa Butembo walidhani ni daktari wa sindano,
wakamtumia orodha ya maradhi.
Akawajibu wote, ugonjwa kwa ugonjwa: mwoneni muuguzi.

Washairi wa kule, aliniambia,
hawashibi kina cha mwisho.
Konsonanti za nusu ya kwanza
sharti ziitikiwe na nusu ya pili, kwa zamu,
kama darasa asubuhi: nipo, nipo, nipo.
Nikasema, sisi tuna mizani.
"Ndiyo maana sikupotea."

Na ng'ambo ya maji, Kornwali,
lugha ilikufa, majina yakagoma kuzikwa.
*Tre* ni boma. *Pol* ni dimbwi. *Pen* ni kichwa, au ncha ya nchi.
Wageni wakayatamka karne kwa karne
wakiuza ng'ombe, wakinunua mbegu,
vinywa vimejaa mifupa isiyo ya kwao.
Alikwenda kutafuta dimbwi mahali paitwapo dimbwi.
Akakuta kituo cha mafuta.
Akakaa ukingoni mwa lami, akalia,
na si dimbwi alilolililia.

Alikumbuka Bomba Kavu.
Palikuwa na bomba, na lilikuwa kavu tangu siku ya kwanza;
utani wa jirani ukageuka anwani.
Mlima ukashusha moto, elfu mbili na mbili,
ukapita juu ya bomba, juu ya utani, juu ya jirani.
Leo mwambie kijana wa pikipiki, "Bomba Kavu,"
atakufikisha bila kuuliza.
Ana miaka kumi na tisa. Bomba gani?

Umeme ukarudi. Nikaanza.
*Goma: ni ngoma, wanasema. Wanasema. (?)*
*Birere: majani ya migomba, ya kuezekea, wanasema. (?)*
*Kwa Mazuku: shimo ambamo hewa huua mbuzi, kimya.*
*Jina hili si kumbukumbu, ni onyo.*
"Hiyo weka herufi kubwa."

Nilifika kadi ya mia tatu na kitu, akaniuliza:
"Wewe ulizaliwa wapi?"
Nikataja kata.
"Hapana. Mama yako alipaitaje?"

Kwa Kinu, nikasema.
Halipo kwenye ramani. Mama alikuwa na kinu,
watu walikuja kutwanga sombe.
"Wangapi walipaita hivyo?"
Labda saba. Wanne wamekufa.
"Inatosha."

Akanitamkisha mara tatu,
sikio karibu na mdomo wangu kama anayepima homa.
Ya kwanza nilisema kama mwenye duka.
Ya pili, kama mtu anayeona haya.
Ya tatu sikuisema mimi;
ilipanda toka chini ya jiwe, na unga wa mhogo kwenye kanga.

Akaandika polepole. Kisha akaniambia
Wawelisi wana neno *adref*: kuelekea nyumbani.
"Sikiliza mwishoni. *Tre* imo humo, imelainika tu.
Boma zima limejikunyata ndani ya neno la safari."

Nikachapa kadi yangu.
Mwishoni, kwa mkono wake, akaweka alama ya kuuliza.
Nikakasirika. Hapo mimi nina hakika, Daktari!
Akafunga katoni kwa kamba.
"Najua. Hiyo ni ya kunikumbusha
kurudi kukuuliza tena."