Akidi

Nilihesabu vichwa mara mbili, kwa ncha ya kalamu:
mia na kumi na tisa.
Katiba ya chama, ile ambayo jalada lake limeliwa na mchwa,
kifungu cha kumi na nne, inataka mia na ishirini.

Ghala la Kitangari lilinuka magunia mapya.
Ubaoni, bei ya wageni kwa chaki,
na chini yake mwandiko wa Bi Somoe: *kwa nani?*

Bandarini Mtwara meli ilikuwa imefunga kamba siku ya tatu.
Kule Shangani wanunuzi, tai zimelegea shingoni,
walikuwa wakimuuliza mkalimani
kikao ni kitu gani, na kwa nini hakiishi.
Simu ya mwenyekiti ikaita kutoka Dodoma:
"Hapa mezani nina mgeni na mkataba. Mmepitisha?"
"Mheshimiwa, akidi haijatimia."
Kimya. "Amepungua nani?"
"Mtu mmoja."

Huyo mmoja tulikuwa tukimwona sote.
Chinduli alikaa nje, hatua nne kutoka mlangoni,
juu ya mizani mbovu, akifyonza bibo,
maji yakimchuruzika mpaka kiwikoni.
Hakukataa. Hakukubali. Hakuingia.
Amesoma darasa la saba, na kifungu cha kumi na nne.

Nasikia, kwa dereva wa wizara, na nusu yake ni chumvi,
waziri alirudi mezani akakunjua mikono:
"Ningetia saini hata sasa, ndugu zangu.
Lakini kwetu kuna mtu hajaingia ndani."
Wageni wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.
Wana viwanda, wana meli, wana benki inayotukopesha;
cha kumfanya mla bibo hawana.

Sisi manowari hatuna.
Tuna kitabu cha mahudhurio,
wino wa kidole gumba, na mlango ulio wazi
ambao mtu anaweza asiupite.

Saa kumi ikaja nyongeza: shilingi arobaini kwa kilo.
Si nyingi. Mvua ya siku hizo tatu ilikuwa imelowesha
magunia ya Nampembe, na hakuna kifungu kinacholipa hilo;
mkewe hajanisalimia hadi leo.

Chinduli akafuta mikono kwenye suruali,
akapiga chafya, akaingia.
Nikaandika: mia na ishirini.
Jina lake lina doa la bibo ukurasani.
Halitoki. Nimejaribu.