Jasi

Tunu wa dada yangu alinifuata majarubani Nunge,
viatu vya shule mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.
"Mama mdogo, tazama. Hapa ni Mirihi."
Nikapangusa vidole kwenye kanga;
chumvi haina urafiki na kioo cha simu.

Mwamba, rangi ya tofali lililoungua.
Katikati yake mshipa mweupe,
mwembamba, umepinda kidogo
kama mshono wa fundi aliyekatiwa umeme.

"Jasi hiyo," nikasema.
"Umejuaje?"

Nimejuaje!
Miaka kumi na tisa naikwangua.
Maji ukiyafungia juani hayaondoki kwa pupa.
Kwanza huacha chokaa,
ukungu tu, hata reki haiushiki.
Halafu jasi, ngumu, yenye meno.
Chumvi huja mwisho, kama bibi harusi,
na ndiyo pekee inayopimwa kwenye mizani.

Jasi haina mnunuzi.
Kibwana msimamizi hutuamuru tuitupe kwenye tuta.
Kisigino changu cha kushoto kina alama yake.
Kumbe wenye elimu wametuma gari lisilo dereva,
miezi na miezi gizani,
likaitazame taka yangu.

Tunu akasema: miaka bilioni tatu na ushei.
Hesabu yangu inaishia kwenye viroba,
nikanyamaza.
Niliwaza lango.
Nani alilifunga, maji mapya yasiingie?
Bahari nzima ikakauka jaruba kwa jaruba
na hapana mtu aliyeinama kuvuna,
hapana aliyeonja akatema.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sawa.
Lakini yanasomeka.

Nyumbani ninalo birika la marehemu mama.
Ndani lina gamba la chokaa, duara juu ya duara,
maji ya kisima cha Magomeni
yaliyochemka kila alfajiri kabla hatujaamka.
Dada alitaka kulisugua kwa ndimu.
Tuligombana siku ya arobaini, mbele ya wageni,
na sikuweza kumweleza kwa nini.
Sasa ningeweza, nadhani,
ila yeye yuko Handeni, na vocha zimepanda.

"Kwa hiyo kulikuwa na watu?" nikamuuliza Tunu.
"Hawajui. Maji tu, ndiyo wana hakika."
Maji tu! Mtoto hajawahi kununua dumu.

Akashuka tutani, akachagua kipande,
akakiinua kwenye jua, kikapitisha mwanga
kidogo, kama ukucha.
Akakiweka kwenye mkebe wake wa hesabu
kati ya bikari na kifutio kilichotafunwa.

Kibwana akapita na daftari lake.
"Hiyo taka, binti. Haina bei."

Tunu akafunga mkebe.
Mimi nikarudi kwenye reki:
jaruba la nne lilikuwa limeanza kuwa jeupe.