Nukta na Mkwaju

Valkeakoski, saa kumi na moja alfajiri.
Theluji imeziba dirisha la kiwanda cha karatasi
na jedwali langu, tupu, jeupe kuliko theluji,
linanijibu sentensi ileile:
alama hii si halali.

Nimebadilisha neno la siri.
Nimemwamsha Tuulikki anipe ruhusa; amenipa, amerudi kulala.
Nimezima, nimewasha,
nimetukana kwa Kifini sanifu, kisha kwa Kisavo cha bibi.

Chini ya ngazi seva inanguruma.
Programu zake ni rika langu,
hazijasahau rimu hata moja.
Kila kitu kimo humo.
Ni mimi nisiyejua kubisha hodi.

Raimo amestaafu. Napiga simu.
Yuko mlangoni kwake, anazoa theluji, anahema.
“Nisomee ulichoandika.”
Nasoma: maktaba, mkwaju, faili.
Koleo linakwaruza. Linakwaruza tena.
“Mkwaju ni wa skrini ya kijani, yangu mimi.
Wewe umepitia mlango mwingine.
Weka nukta.”

Naweka.

Mistari elfu arobaini inateremka kama gogo kwenye maji:
oda, uzito, jina la meli, tarehe.
Tarehe zote zinaanza na moja
mbele ya mwaka, alama ya karne hii,
nafasi aliyoiacha Raimo mwaka wa themanini na tisa
akiwa kijana, kiti hiki hiki,
karne yenyewe haijafika.

“Imekubali?” anauliza.
Nasahau kumjibu.